Enzi za Mwingereza, Mungaa: nilifagia panya waliokufa nikanyamaza

Wakuu, habari za humu. Wa umri wangu nawaamkia. Ninyi wengine shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba.

Mimi ni bibi kizee wa Singida mjini. Simu hii nimeijulia uzeeni, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Atakayesema ni chai, aitie sukari anywe, mimi sina la kumwongezea.

Juzi kuna kijana kafungua uzi kumbeza bwana afya wa kata yao, eti kazi yake ni kuchungulia vyoo na madirisha ya watu. Mkacheka weee. Siwalaumu. Na mimi ujanani nilimcheka bwana afya mpaka nikashika mbavu.

Ngoja niwaambie kilichofuata.

Niliolewa Mungaa, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Mume wangu alikaa nami miezi michache tu, akaenda zake Tanga kukata mkonge kama vijana wengi wa wakati ule. Nikabaki na mama mkwe, ambaye alikuwa mjane, na wifi yangu Salome.

Salome alikuwa binti mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Kaka yake alipoondoka, akahamia kulala kwangu. Alisema ananilinda nisiogope. Mwoga alikuwa yeye, usiku akisikia fisi ananishika mkono mpaka unakufa ganzi.

Nyumba yetu ilikuwa tembe. Kwa msioijua, ni nyumba ndefu ya chini, kuta za miti na udongo, na paa lake ni bapa, nalo limekandikwa udongo mzito juu ya fito na nyasi. Upande mmoja alilala mama mkwe, upande wa pili mimi na Salome, katikati mbuzi. Nafaka tuliiweka humo humo ndani kwenye vilindo, yale mapipa makubwa ya magome ya miti. Kilindo cha uwele kilikuwa kichwani pa kitanda changu.

Paa lile alilijenga baba mkwe kabla hajafa. Mama mkwe alilipenda kuliko chochote alichoachiwa. Mvua ikikatika tu, huyo anapanda mwenyewe kuziba nyufa, na hataki mtu amsaidie.

Sasa ikaja amri. Ilitoka kwa serikali ya wenyeji, yaani mtemi na majumbe wake waliotawala chini ya Mwingereza. Jumbe akatusomea barazani. Nafaka isikae chumba wanacholala watu. Mifugo ijengewe banda. Kila chumba kiwe na dirisha. Watu wasirundikane chumba kimoja kama magunia. Na panya akionekana amekufa bila kupigwa wala kutegwa, taarifa ipelekwe kwa jumbe siku hiyo hiyo.

Sababu ilikuwa tauni. Tulisikia imeua watu vijiji vya mbali, na vya mbali ni vya mbali.

Kilichotutisha sisi ni adhabu yenyewe. Nyumba ikikutwa na panya wa namna hiyo, paa linafunuliwa, nafaka inaanikwa, na ninyi mnahamia kwenye vibanda mpaka bwana afya aridhike. Kila mtu akatazama chini. Mama mkwe alipofika nyumbani alilitazama paa lake kwanza.

Basi bwana afya akaja. Kaptula ya kaki, baiskeli, tochi mchana kweupe. Anamulika kila tundu la ukuta. Sisi wanawake tukampa jina, Mume wa Panya.

"Mwanaume mzima anatafuta panya!" mama mkwe alisema kwa Kinyaturu, huku anamtabasamia. "Kwao hakuna paka?"

Asubuhi hiyo tulikuwa tumeshavitoa vilindo nje. Bwana afya akaviona, akafurahi, akamwambia, "Hapo sawa, mama. Hivyo hivyo." Banda na madirisha akatupa muda, akaweka alama ya chaki mlangoni kwamba nyumba imekaguliwa.

Vumbi la baiskeli yake halijatua, tumeshavirudisha ndani. Salome anasukuma kwa chini, mimi navuta, wote tunacheka.

Msimwone mama mkwe mjinga. Nje kulikuwa na mchwa na wezi, na yeye njaa alikuwa ameiona kwa macho yake. Aliniuliza, "Njaa ikija, yule atanipa uwele?"

Zikapita siku. Asubuhi moja nafagia upande wangu, nikamkuta panya chini ya kilindo. Amekufa, hana jeraha. Nikamshika kwa jani, nikamtupa shimoni nyuma ya nyumba.

Wakuu, nilijua. Amri niliisikia kwa masikio yangu barazani.

Lakini mama yangu alinifunda siku naondoka kwetu: ukifika kwa watu, jambo baya usiwe wewe wa kwanza kulitamka, watasema umekuja nalo. Na mimi nilikuwa mke wa juzi, hata mtoto sijazaa. Nikajiona nimesimama mbele ya jumbe, halafu paa la baba mkwe linafunuliwa kwa mdomo wangu. Nikanyamaza.

Akaja wa pili. Nikatupa.

Akaja wa tatu. Nikatupa, nikajiambia panya watatu si tauni.

Kisha Salome akarudi kisimani anatetemeka. Akasema kichwa, akasema kiuno. Mama mkwe akamchemshia majani. Kesho yake alishindwa kusimama, na kwenye kinena pametoka mtoki mkubwa kama yai la kanga.

Nikasema, "Mama, twende dispensari."

Nilitegemea abishe. Hakubisha hata kidogo. Aliinuka kabla sijamaliza, akaenda kuita wanaume waje kubeba kitanda. Nilishangaa kidogo, halafu nikasahau.

Dispensari alipigwa sindano. Mganga aliniambia pale pale kwamba tumechelewa, ila atajaribu. Mama mkwe alikaa miguuni, mimi kichwani. Jioni Salome akafumbua macho.

"Wifi, leo utalala na nani?"

Nikamwambia nitalala naye hapo hapo. Akanishika mkono. Alfajiri mkono ulikuwa wa baridi.

Nimezaa, nimezika, nimeona mengi. Hiyo asubuhi bado inaniuma kuliko zote.

Sisi wawili tulipigwa sindano, tukasalimika. Tulipomaliza kuzika, bwana afya akaja na vijana wenye majembe. Paa likafunuliwa. Jua likaingia mpaka kitandani kwangu, mahali ambapo halijawahi kufika tangu nyumba ijengwe. Kilindo kilipoondolewa, ukutani nyuma yake kulikuwa na matundu na viota vitupu.

Bwana afya akatuita uani. Hakuwa mkali. Akauliza, "Panya waliokufa, nani aliwaona?"

Nikasema, "Mimi."

Na sauti nyingine ikasema, "Mimi."

Nikageuka. Alikuwa mama mkwe.

Wakuu, upande wake walikuwa wamekufa wanne. Alikuwa akiamka kabla yangu, anawazika kwenye jaa la majivu mbele ya nyumba. Alinificha mimi. Aliogopa nikiwaona nitakimbilia kwetu, mwanawe arudi kutoka Tanga akute hana mke. Na paa pia, hakukana. Alilitaja paa.

Na mimi nilikuwa namficha yeye.

Bwana afya akavua kofia, akakaa juu ya gogo. "Wako watatu, wa mama wanne," akasema. "Saba." Akaandika.

Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo. Watatu niliwaona wachache. Yeye wanne aliwaona wachache. Saba hakuna ambaye angewaona wachache, lakini hatukuwahi kuwaona saba. Na Salome alikuwa katikati ya siri zetu mbili.

Paa halikurudishwa. Mume wangu aliporudi alitujengea nyumba nyingine ndogo, yenye madirisha, ghala la nafaka likawa nje juu ya mawe. Mama mkwe ndiye aliyemwonyesha pa kutoboa madirisha. Hakunitupia lawama hata siku moja, na mimi sikumtupia. Tuligawana.

Ila alianzisha jambo moja. Kila asubuhi akimaliza kufagia, anakuja mlangoni kwangu na ufagio mkononi.

"Huku hakuna kitu, mwanangu."

Namjibu, "Na huku hakuna, mama."

Miaka yote hiyo, mpaka Uhuru ukaja, mpaka nikawa na wajukuu. Hata siku tuliyonuniana ilibidi aje aseme, na ilibidi nijibu. Siku za mwisho kufagia alishindwa, nikawa nafagia mimi pande zote mbili, yeye ananisubiri kitandani nimwambie.

Sasa wanangu, somo langu si refu. Bwana afya mnaweza kumcheka, hata mimi namcheka, wengine wana vituko. Lakini ulichokiona nyumbani mwako kiseme, hata kama wewe ni mke wa juzi, hata kama kuna paa litafunuliwa. Paa hujengwa tena.

Leo nina nyumba hapa mjini na wapangaji wangu. Nimewawekea sharti moja gumu kuliko kodi: ukiona kitu hakieleweki chumbani kwako, gonga kwangu uniambie, sitakugombeza. Wananiona bibi msumbufu. Sawa tu.

Asubuhi nikifagia bado nasema, "Huku hakuna kitu." Hakuna anayejibu.

Haya, nimemaliza. Na ninyi semeni hapa chini. Huko kwenu mmeona nini mkanyamaza?