Majina Mia na Nane ya Ba

Nilikwenda Lenasia, mtaa wa Wahindi huku Afrika Kusini, mwaka 2016 kumwogesha mwanamke mzee wa Kihindu, si kujifunza dini yake. Nililala kwake Jumatatu hadi Ijumaa, na mwisho wa juma nikarudi mtaani kwetu La Rochelle, mji uleule, kwa mume wangu, binti yangu na kanisa langu. Wajukuu zake walimwita Ba, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa Tanga. Wahindi niliowajua nyumbani walikuwa nyuma ya kaunta, na sikuwahi kujiuliza asubuhi wanamwambia nini Mungu wao.

Ba alimwambia majina yake. Kila akishaoga nilimketisha mbele ya sanamu ndogo ya shaba, nikawasha taa ya samli, nikamsogezea kisahani cha mchele. Aliimba majina mia moja na nane kwa Kisanskriti, na kwa kila jina akaweka punje moja miguuni pa sanamu. Akikatizwa katikati, anaanza upya. Mwanzoni iliniudhi, maana uji ulikuwa unapoa jikoni.

Aliponiona nimenuna mlangoni, alianza kunieleza. Nyimbo za kale kabisa katika lugha hiyo, alisema, hakuna mtu aliyezitunga. Watakatifu walizisikia, wakazitamka kama walivyozisikia, na zikapita mdomo hadi sikio muda mrefu sana kabla ya kuandikwa. Nyimbo za sifa kama wimbo huu wake zilikuja baadaye, lakini zilirithiwa vivyo hivyo. Baba yake alikuja nao Afrika Kusini kichwani, bila kitabu. Nikamuuliza kwa nini Mungu mmoja awe na majina yote hayo: asiye na mwanzo, mwondoa huzuni, mwenye macho kama ua la majini.

"Wewe mwanao unamwita jina moja tu?" akaniuliza.

Binti yangu nilikuwa namwita majina hata kumi kabla hajamaliza chai.

Alinifundisha bila kuniomba ruhusa. Alitamka jina, akanyamaza, akanikazia macho mpaka nirudie. Ndivyo alivyofundishwa yeye. Kisha siku moja akaniambia alichokiogopa. Mama yake alisomewa majina hayo siku ya kufa, na dada yake Ba aliyekuwa akisoma akazidiwa na kilio katikati. Ba aliamini mama yake aliondoka akiwa amefikishwa nusu ya njia.

"Yangu yafike mwisho," alisema. "Mwanangu hayajui. Nilimwacha acheze kriketi. Wewe unayajua."

Kweli niliyajua. Mwaka 2018 alipoanza kusahau, mimi ndiye niliyemtajia jina linalofuata, na kidole chake kikaokota punje.

Kosa nililifanya kwa mdomo wangu mwenyewe. Jumapili moja, kanisani kwetu Rosettenville, mtaa wa jirani, nilimsimulia mchungaji habari hizo kama kichekesho. Yeye ni mtu wa Bukavu, na hakucheka.

"Dada, ile kazi iko bien, iko muzuri," alisema. "Lakini mudomo yako ni ya Yesu. Haiko ya sanamu."

Akanisimamisha mbele ya watu wote, nikaapa kwamba sitayatamka tena.

Kuanzia Jumatatu nilinyamaza. Ba alifika jina la arobaini na kitu, akakwama, akanitazama. Nikakung'uta mito. Akaanza upya, akakwama palepale, akanitazama tena. Asubuhi nyingine alirudia mara nne au tano mpaka akachoka, na mimi nikafagia mchele. Hakuniuliza kwa nini. Nadhani alifikiri nami nimesahau.

Alikata roho mwaka uliofuata, alasiri ya baridi. Daktari alikuwa ameshasema hafiki jioni. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, aliketi kitandani na simu yake, akaweka rekodi ya majina hayo aliyoitafuta mtandaoni. Ilikuwa na ngoma na filimbi, na mwimbaji aliyakimbiza. Niliweka punje za mchele kiganjani mwa Ba. Vidole havikusogea. Mwanawe akaongeza sauti.

Ba akafumbua macho, yakapita juu ya mwanawe, yakanipata mimi nimeshika beseni. Akatamka jina la kwanza, kwa shida, kisha akanyamaza na kunikazia macho, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Niliogopa. Wala si Mungu niliyemwogopa. Niliogopa watu wa benchi la mbele kanisani.

"Ba, nikuletee maji?" nikasema.

Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akafumba macho. Simu ilikuwa bado inaimba alipokufa, na mwanawe alihangaika kuizima.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuchukua nguo zangu. Nilimkuta mwanawe amepiga magoti kwenye chumba cha sala, droo zote ziko nje.

"Dada, mama hakuwa na daftari?" akaniuliza. "Nataka wanangu wajifunze yale ya kwake. Aliyaandika mahali?"

"Hakuyaandika popote," nilimjibu, na huo ulikuwa ukweli.

Akanishukuru kwa kumtunza mama yake, akanibebea begi mpaka kwenye teksi. Siku hizi nikichambua mchele wa chakula cha Jumapili, majina yanakuja yenyewe, moja kwa kila punje, na sikwami popote.