Uvimbe kwenye Findo la Baba Mdogo

Baba mdogo alinijia zahanati asubuhi moja akitokea kijijini kwake Mtinko. Hakuwa na maumivu. Alisema ugali unamkwama upande mmoja wa koo, na mkewe analalamika kwamba siku hizi anakoroma mno.

Nilikuwa tabibu mwenye mwaka mmoja tu kazini. Nilimulika tochi kooni. Findo la kulia lilikuwa la kawaida. La kushoto lilikuwa limevimba, duara na laini, limekisukuma pembeni kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu mzima akivimba findo moja bila homa, tufikirie saratani. Nikaifikiria, tena nikamtamkia.

"Inatibika?" aliuliza.

"Ni vigumu, baba."

Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, lakini hakwenda moja kwa moja. Kwanza aliwaita wanawe watatu, akawagawia ng'ombe wote, ili asije akafa wakagombana. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, malori ya wafanyabiashara yanaingia hadi vijijini. Wawili wakubwa waliuza mafungu yao mara moja. Mmoja alinunua mashine ya kusaga, mwingine akaenda mjini kuuza mitumba. Mdogo alibaki na ng'ombe wake.

Hospitalini walimtoa findo pamoja na ule uvimbe, wakapeleka kipande Dar es Salaam kupimwa. Baada ya wiki nyingi nilifuata majibu mwenyewe.

"Si saratani," daktari aliniambia. "Ni uvimbe ulioota kwenye ganda la neva. Ni nadra sana kuota kwenye findo. Mimi ndiyo kwanza nauona. Tumeutoa wote. Aje tu mara mojamoja tumwangalie koo."

"Ningejuaje kwa macho?"

"Usingejua. Hata mimi nimesubiri darubini. Ungemwambia hujui."

Nilimkuta baba mdogo amekaa nje, karibu na zizi tupu. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa habari. Mkewe alipiga vigelegele, kisha akaanza kulia. Baba mdogo aligeuka akalitazama zizi.

"Kwa hiyo nitaishi."

"Ndiyo, baba."

"Nitaishi na nini, mwanangu?"

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Aliniambia niinuke, eti nilisema nilichokiona. Maneno hayo hayakunituliza. Nilijua nilichokiona ni uvimbe tu, na saratani niliiongeza mwenyewe.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na uvimbe haukurudi. Wanawe wakubwa hakuwadai kitu. Walikuja sikukuu, wakala, wakaondoka mapema, na hakuna aliyetaja ng'ombe. Mdogo alimletea maziwa kila siku. Halafu mzee akaanza kumsaidia kuchunga, mtu aliyekuwa na zizi lake tangu ujana, sasa anamuuliza mwanawe ng'ombe wapelekwe malisho yapi.

Mimi niliomba uhamisho mwaka mmoja tu baada ya majibu yale. Sikumweleza mtu sababu.