Mama yangu Mnyasa alidai talaka Usukumani, wazee wakauliza ng'ombe tu

Wakuu, marahaba kwa watakaoniamkia, maana wengi humu ni umri wa wajukuu zangu. Wengine poleni na majukumu.

Nimesoma uzi wa yule dada aliyeolewa Ulaya, talaka inamzungusha mahakamani na haelewi hata anachoulizwa. Naona mnamcheka. Mimi sikucheka. Yake yalimkuta mama yangu miaka ya hamsini, tena hapa hapa Shinyanga, na mtoto aliyekuwa anagombewa ni mimi.

Nitasema nilichokiona. Nisipokumbuka nitawaambia sikumbuki. Na mkiona herufi zimerukwa mnivumilie, simu nimenunuliwa juzi na vidole vyenyewe ni vya kizamani.

Mama alikuwa Mnyanja wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, huku wakiwaita Wanyasa. Baba, Maganga, alikuwa Msukuma wa Didia, huku Shinyanga. Wakati wa vita ya Hitla baba alikuwa askari, kikosi chao kikakaa Nyasaland, huko akamwona mama na huko nikazaliwa.

Vita ilipoisha akatuleta Geita. Akapata kazi kwenye mgodi wa dhahabu, tukapewa chumba katika kambi ya wafanyakazi.

Kambini tulikuwa na raha. Kila mtu pale alikuwa wa kuja: Wamanyema, Wajaluo, Wanyamwezi, Wanyasa wenzetu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake aliolewaje.

Shida ilikuwa Didia. Kila tulipokwenda kusalimia, wanawake walimuuliza mama baba yake alipokea ng'ombe wangapi. Mama alicheka tu akaendelea kutwanga.

Niwape picha, maana bila hii hamtaelewa. Kwao mama hakuna mahari ya ng'ombe. Upande wa mwanaume unaleta jogoo, upande wa mwanamke unatoa tetea, wazee wa pande mbili wanashuhudia, ndoa imefungwa. Kwa Wasukuma kuna bukwi, yaani ng'ombe wa mahari, na ndoa isiyo na bukwi watu huisemea pembeni.

Sasa baba akaacha kazi ya mgodi, akaturudisha Didia, akaoa mke wa pili. Huyo alitolewa ng'ombe kijiji kizima kikiona. Kuanzia siku hiyo mama akawa mtu wa kuomba chumvi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Mama akavumilia, akachoka. Akamwambia baba anataka kurudi kwao. Baba akajibu aende hata leo, ila Kabula anabaki.

Kabula ndio mimi.

Basi mama akaenda kushtaki kwenye baraza la mtemi. Wakati ule kesi za ndoa za sisi watu weusi zilikwenda huko, kwa mila ya wenyeji. Mila ya mama haikuwa na baraza Shinyanga.

Kabla ya siku yenyewe alipata mshauri, Mama Hadija, mama wa Kimanyema aliyekuwa akiuza maandazi gulioni. Alimwambia wazee wakiuliza kama bukwi ilitolewa aseme ndiyo. Akisema haikutolewa watamhesabu hawara, na hawara hasikilizwi. Alimshauri kwa nia njema kabisa.

Mama alijiandaa jamani. Nakumbuka akipanga maneno yake huku anachambua mboga: kunyimwa chakula, kupigwa, kutukanwa na mke mwenzie. Alitaka wazee wasikie yote.

Wazee hawakuuliza hata moja.

Aliyeongoza alikuwa Mzee Ng'wandu, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Mama alipoanza kueleza alivyopigwa, akamwinulia mkono taratibu, akamgeukia baba, akauliza habari ya ng'ombe. Baba akasema alitoa kumi na wawili, walikwenda hadi Nyasaland.

Mimi nilikuwa na miaka kama minane na nilijua huo ni uongo. Nikamwangalia mama akanushe. Mzee akamuuliza, mama akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, walitolewa.

Nilichanganyikiwa, wakuu. Watu wanagombana, halafu wote wawili wanasema uongo mmoja. Nikadhani basi kesi imekwisha, tunarudi nyumbani kula.

Mzee Ng'wandu naye akaona mambo ni mepesi. Akasema talaka ipo, babake mama atarudisha ng'ombe, watapunguzwa kidogo kwa sababu kuna mtoto, na mtoto ni wa Maganga.

Mama hakuelewa. Akaniangalia mimi, akamwangalia mzee. Akauliza kwa Kiswahili chake cha Kinyasa, mtoto anaingiaje kwenye ng'ombe?

"Mayu," Mzee Ng'wandu akamwita mama kwa Kisukuma, akamwambia taratibu, "mtoto hufuata ng'ombe. Ng'ombe wakitoka, mtoto ni wa baba. Wasipotoka, mtoto ni wa kwenu."

Hapo nilimwona mama akishika ubao wa benchi. Yaani heshima aliyofundishwa kuitetea ndiyo ilikuwa inamnyang'anya mwana. Na ili anipate mimi, lazima asimame mbele ya wakwe, mke mwenzie na Didia nzima, aseme kile alichokuwa anakikwepa miaka yote.

Akasimama.

"Hakukuwa na ng'ombe," alisema. "Alileta jogoo. Jogoo mmoja mwekundu, baba yangu akampokea."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mke mwenzie alijifunika kanga usoni. Mimi nililia kwa aibu, nawaambia kweli, sikuelewa kwamba mama ananiokoa. Nilidhani ananitukanisha.

Baba akapata nguvu. Akasema mwanamke huyu mwongo, sasa hivi amekubali na sasa anakana. Na kweli alikuwa na hoja, maana wote tulimwona akiitikia.

Mzee Ng'wandu akamuuliza baba rangi za hao ng'ombe. Akataja mweusi, akataja wa madoa, akaanza kurudia. Akaulizwa nani aliwaswaga mpaka Nyasaland, akasema askari mwenzake, marehemu. Kicheko kikaanza kupungua. Wasukuma wanakumbuka ng'ombe wa mahari wa shangazi yao aliyeolewa kabla wao hawajazaliwa.

Ndipo mzee akamgeukia Babu Luhende, baba yake baba. Ng'ombe wote wa ukoo walikuwa zizini kwake.

Sasa mjue babu alikuwa ananipenda. Alinifundisha kukamua, alinikatia muwa kila nikimpelekea maji. Na alijua mjukuu wa kike akiolewa ng'ombe wanaingia zizini. Neno moja tu lake lilitosha mimi kubaki.

Babu hakumwangalia baba wala mama.

"Zizini kwangu hakutoka hata ndama," akasema.

Ikaisha. Talaka ikatoka, mimi nikapewa mama. Na kwa kuwa mila inataka kilichotolewa kirudishwe, baraza likaamuru mama amrudishie Maganga jogoo wake. Watu wakacheka tena, ila safari hii kidogo.

Mama hakuwa na kuku hata mmoja. Kesho yake asubuhi babu akaja tulipokuwa tumehifadhiwa, kwa Mama Hadija, amebeba jogoo kwapani. Mwekundu. Akampa mama, mama akampelekea baba, na baba akamfungulia bandani, banda lile lile la babu jogoo alikotoka.

Babu alinishika kichwa, akaondoka. Sikumwona tena. Tulipanda lori la pamba tukarudi Geita kambini, mama akafanya vibarua vya kufua mpaka tukapata nauli ya Nyasaland. Mimi nilikuja kurudi huku ukubwani, babu ameshazikwa.

Funzo langu ni hili: ukiwa ugenini, kabla hujajibu swali la mahakama, uliza kwanza jibu lako linafungua mlango gani. Mama alijibu kwa aibu, nusura anipoteze. Huyo dada wa Ulaya msimcheke, mwelekezeni.

Ila kuna jambo moja sijalielewa mpaka leo, na ninyi wenye wazee Usukumani nisaidieni. Babu alisema kweli kwa sababu Msukuma hawezi kudanganya juu ya ng'ombe, au alisema kwa sababu alimwona mama akichekwa?

Mama nilimuuliza kabla hajafa. Aliniambia hajui, ila maisha yake yote hakuwahi kuchinja jogoo mwekundu.