Siku Nilipofuta Ukuta wa Mama Jeanne

Ninaandika haya kwenye kurasa za nyuma za kaye yangu ya jiografia, kwa sababu kuyasimulia usoni mwa watu siwezi bila kujifunika na mikono, na nyinyi rafiki zangu wawili mtakaoyasoma (Dorcas, weye usicheke mu darasa, nakuomba) mjue tangu mwanzo kwamba siku ile hakukuwa na shetani wala uchawi wala jirani mbaya, nilikuwa mimi tu, brosi yangu ya kusugulia, na huu mdomo wangu usiofunguka.

Mnajua vakansi nzima nilikuwa kazini na Tantine Régine, mdogo wake mama, yule anayefuta maandiko kwenye kuta. Kuna watu wanaicheka kazi hiyo, wanasema ni kazi ya kuosha nyumba nguo, lakini hao hawajawahi kumuona akiifanya. Tangu mji utulie (utulivu wetu ule wa kulala na viatu karibu na mlango), kuta za Bunia zilibaki na kelele zote za siku zile za vita: bunduki zilizochorwa kwa mkaa, majina ya vikundi, matusi, mioyo ya wachumba ambao hata hawako pamoja tena, na watu walipoanza kufungua maduka wakataka kuta zao zinyamaze. Tantine ndiye anazinyamazisha. Anaweka kiganja ukutani, ananusa, anasema, "Huu ni mkaa, sabuni inatosha," ama "Hii ni rangi ya mafuta, inaomba diluant ya kuiyeyusha," ama anatikisa kichwa polepole, "Haya ni mafuta meusi ya gari. Ukuta umeyakunywa. Yanaomba sodi kali na uvumilivu." Halafu analowesha ukuta kuanzia chini kupanda juu, ili maji machafu yasichore machozi, anasugua kwa miduara midogo midogo, na mahali palipokuwa na tusi panabaki ukuta mtupu, kama uso wa mtu aliyetoka kuamka. Mimi kila mara nilikuwa nasimama na kitambaa mkononi, mdomo wazi, nikimtazama kama padri kwenye altare.

Na ana sheria yake moja. Hafuti neno, hata herufi, kabla hajalisoma kwa sauti mbele ya mwenye nyumba. Hata likiwa tusi la nguoni analisoma, wima, kama katekista anayesoma waraka, kisha anauliza, "Tufute?" Na mwenye nyumba lazima ajibu kwa mdomo wake, "Futa." Kutikisa kichwa hakukubaliwi. Siku moja tukiwa wawili (ndipo ninapoweza kuuliza kitu) nilimuuliza kwa nini. Akaniambia kwamba zamani alifuta jina moja kwenye ukuta wa duka akidhani ni la vijana wa kuchezacheza, kumbe mwenye duka ndiye aliliandika, jina la mutoto wake aliyepotea siku za kukimbia, ili siku akipita barabara ile alione na ajue wazazi wake wako hapo. "Tangu ile siku," akasema, "ukuta naulizia kwanza."

Sasa njooni kwa Mama Jeanne. Ni mjane, anakaa kartie Lumumba, anashona, na alituita kwa sababu alitaka kufungua ateliye kwenye chumba cha mbele na mama gani ataleta kitenge chake kwenye nyumba iliyoandikwa upumbavu ule? Tulianza asubuhi na ukuta wa mbele. Tantine akasoma yote, moja moja, mimi nikitazama vidole vya miguu yangu, na Mama Jeanne akajibu "Futa," "Futa," "Hiyo futa mara mbili." Tulipomaliza, mbele palikuwa peupe mpaka watoto wakaja kupagusa. Hapo brosi kubwa ikavunjika mti. Tantine akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda sokoni kutafuta nyingine, akaniambia, "Weye suuza vyombo, uningoje."

Suuza vyombo, uningoje. Maneno matatu. Nilisuuza ndoo na beseni. Halafu nikazunguka upande, kwenye barabara ndogo, nikaona ukuta wa huko nao umeandikwa, herufi nyeusi kubwa, zimefifia, zenye mikia mirefu: PARCELLE À NE PAS VENDRE. Najua mnasema kila mtu anajua ile, iko kwenye nusu ya nyumba za mji huu, ni ya kuwaambia watu kwamba kiwanja hiki hakiuzwi, asije mtu akauziwa na mwizi. Nami nilijua. Lakini nikajisemea (hii ndiyo akili yangu) kwamba hiyo ni ya siku za kukimbia, nyumba zilipobaki bila watu, na sasa mwenyewe amerudi, yuko ndani anashona, nani atauza nini? Nikaona vile Tantine atakavyorudi akute upande wote umekuwa safi, kwa mkono wangu peke yangu, na atakavyoweka kiganja ukutani na kunyamaza.

Nilikwenda mlangoni kuuliza. Kweli nilikwenda. Cherehani ilikuwa inakimbia, Mama Jeanne ameinama, nikasimama, nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikarudi mara ya pili, nikakohoa, nadhani nilikohoa kwa ndani. Mara ya tatu nilifika nusu ya njia tu. Basi nikavaa glavu, nikachota sodi, nikafuta. Na nisidanganye, ilikuwa vizuri mno! Weusi ulikuwa unashuka kama wino, herufi moja baada ya nyingine, na nikahisi nguvu ambayo sikuwahi kuihisi kwenye mikono hii inayojificha mwalimu akiniita ubaoni.

Ambacho sikukijua, na kila mtu wa avenue ile alikijua, ni hiki. Maandiko yale aliyaandika mume wa Mama Jeanne, dereva wa lori wa njia ya Komanda, kwa mafuta ya lori lake mwenyewe, asubuhi ile walipokimbia. Mama alirudi. Mume hakurudi. Karatasi za kiwanja ziliungua, na shemeji yake, Faustin, alikuwa anasema nyumba ni ya ukoo na ataiuza, lakini kila mnunuzi akifika na kuyaona maandiko anaondoka. Ukuta ule ndio ulikuwa karatasi ya Mama Jeanne.

Sijakausha hata mikono, moto ikasimama. Akashuka Faustin, na nyuma yake mnunuzi wake, muzee mmoja wa viatu vinavyong'aa. Faustin akautazama ukuta, akatazama tena, akapiga makofi.

"Unaona, muzee? Si nilikuambia! Mwenyewe amefutisha. Amekubali!"

Akanigeukia mimi, na meno yote nje. "Weye mutoto, ni Mama Jeanne njo alikutuma ufute, si njo vile?"

Watu walikuwa wameanza kusimama: mama wa maandazi, mafundi wa redio wa ng'ambo ya barabara, watoto wale wa kupagusa. Macho yote kwangu. Nilitaka kusema hapana, Mungu anajua, lakini "hapana" ni neno la kutolewa na pumzi na mimi pumzi sikuwa nayo, na kitu kimoja tu mwilini mwangu kilikubali kusogea. Kikasogea kichwa. Juu, chini.

"Mumeona!" Faustin akapaza sauti. "Batu bote mumeona!"

Muzee akaanza kuupima ukuta kwa hatua. Cherehani ikanyamaza. Mama Jeanne akatoka na utepe wake wa kupimia shingoni, akazunguka kona, akaona, na sitasahau jinsi alivyoshika ule utepe kwa mikono miwili kama mtu anayezama.

"Maandiko ya bwana yangu iko wapi?" akauliza polepole. "Nani alifuta?"

Nikarudi nyuma. Hatua moja, mbili, na ya tatu kisigino kikaingia ndani ya beseni. Nikadaka bidoni ya maji ili nisianguke, bidoni ikaja na mimi, maji yote yakaruka ukutani paaa, na mimi nikakaa, ndani ya beseni, sketi ya shule ndani ya maji meusi, miguu juu.

Walicheka mpaka mama wa maandazi akashika ukuta. "Futa-Futa!" fundi mmoja akapiga kelele. "Futa-Futa amejifuta mwenyewe!" (Jina hilo ninalo mpaka leo, Lumumba nzima.) Niliomba ardhi inimeze, nikapewa beseni tu, nalo dogo.

Halafu kicheko kikakatika. Sikuelewa. Nikadhani nimechanika sketi. Lakini hawakuwa wananitazama, walikuwa wanatazama juu yangu. Nikageuza shingo.

Ukuta ulikuwa umekunywa maji na kuwa mweusi, isipokuwa mahali fulani ambapo maji yalikataa kuingia, na mahali pale palikuwa na umbo. Mkia mrefu. Kisha mwingine. NE PAS VEN, herufi nyeupe, kavu, juu ya ukuta uliolowa, kama mtu aliyeko ndani anaandika kwa kidole.

"Yesu," mama wa maandazi akasema.

Tantine alikuwa amefika, na brosi mpya kwapani. Akachukua ndoo iliyobaki, akaimwaga pole, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mstari mzima ukasimama. Baadaye alinieleza: sodi inatoa weusi, lakini mafuta yaliyokwisha kunywewa na ukuta haiyapati, na panapokaa mafuta maji hayaingii. Ni jambo la kazi tu. Lakini saa ile hakuna aliyejua hilo, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye maji machafu nilisikia nywele za shingo zinasimama, na Mama Jeanne akasema kwa sauti ya chini, "Hii njo mukono yake. Hii njo mikia yake ile."

Faustin ndiye alipata mdomo kwanza. "Bon, hata yakionekana! Mwenyewe alikubali yafutwe. Mutoto amesema, bote mumemuona."

Yule muzee akachuchumaa mbele ya beseni langu, viatu vyake vile ndani ya tope. "Mademoiselle," akasema, "mi sikukusikia. Nilikuona kichwa tu. Alikutuma?"

Nikamtazama Tantine. Hakunisaidia. Alikuwa ananitazama vile anavyomtazama mwenye nyumba baada ya kuuliza "Tufute?", na nikaelewa kwamba atangoja mpaka jioni ikibidi.

"Hakunituma!" Sauti ilitoka kubwa mno, mbwa wa jirani akabweka. "Mama Jeanne hakunituma! Niliona haya kumuuliza! Nimedanganya na kichwa!"

Muzee akainuka, magoti yakilia. "Faustin," akasema, "uliniambia mujane amekubali. Mi nilikimbia mpaka Aveba, na kurudi nikakuta mutu mwingine analala mu chumba changu. Sasa njo mi nilale mu chumba ya mwingine?" Akapanda moto. Faustin akabaki anamwita kwa mgongo wake, kisha akaondoka kwa miguu, na watoto wakamsindikiza.

Jua likaanza kukausha ukuta. Herufi zikaanza kwenda. Watu walisimama wakizitazama zikiondoka, na Mama Jeanne akasema, "Tantine, zinapotea."

"Hazipotei," Tantine akasema. Akanipa kipande cha mkaa na kikombe cha maji. "Lowesha, ufuate. Pole. Usiandike mukono yako, andika yake."

Nikiwa nimelowa vile vile, nikinuka sodi, nikafuata. Mahali alipokandamiza nilikandamiza, mahali aliponyanyua brosi yake kwa haraka (walikuwa wanakimbia, mnakumbuka) na mimi nilinyanyua, na kwenye mkia wa R ya mwisho mkono wangu ulikwenda mrefu kuliko nilivyotaka, kama umevutwa na mtu anayejua anakokwenda. Mkono wa mtu ambaye sikuwahi kumuona. Kesho yake tulipitisha rangi nyeusi juu ya mkaa.

Lakini kabla ya rangi, Tantine alimwita Mama Jeanne, akanisukuma mbele. Nikasimama wima. Fundi wa redio alikuwa anatabasamu ng'ambo, nami nikasoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha nikauliza, "Tuandike?"

"Andika," akasema.

Tangu siku ile kila ukuta ninausoma mimi, hata matusi, mashavu yakiwaka, na watu wakisema Futa-Futa ameanza misa yake waache waseme. Nimeapa kwenye kaye hii: mtu akiniuliza kitu chenye nyumba ya mtu ndani yake, kichwa changu kitakaa mahali pake mpaka mdomo umalize.