Samaki wa Paka

“Mintarafu: Uteuzi wa Mahali pa Kula Chakula cha Jioni, Siku ya Maonyesho.” Ndivyo ulivyosema waraka uliopigwa chapa, nakala tatu. Kamati ilikuwa ya watu watano wa ofisi moja ya serikali hapa Malindi, nami nilidandia gari lao. Tangu asubuhi walikuwa wakipanda bembea na kukagua ng’ombe. Jioni njaa ilikuwa imewakaba, na gari lilikuwa liondoke wakati wa magharibi.

Kando ya bembea kubwa, mama mmoja wa Mambrui aliuza wali wa nazi. Ubao wake ulisema: Samaki wa Kupaka.

Mwenyekiti, bwana wa bara, aliusoma kwa kidole. “Samaki wa paka? Mimi afisa mzima nile chakula cha paka?”

“Wa kupaka, mwanangu,” mama akamjibu, huku akimpaka samaki tui zito juu ya makaa. “Paka mwenyewe yule pale, angojea wewe uondoke.”

Karani wao, mwenyeji wa Takaungu, akanong’ona, “Mzee, ni mtamu wallahi.”

Mwenyekiti akainua kiganja. “Hilo lijadiliwe kwa utaratibu.”

Likajadiliwa. Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, na neno “kupaka” likaingizwa kwenye kumbukumbu pamoja na maana yake. Ofisi zetu hazikosi kufikia uamuzi ulio sawa. Zinachokosa ni sufuria yenye kitu.

Iliazimiwa kwa kauli moja kula kwa mama yule. Tulipomgeukia, alikuwa akiosha vyombo. Kipande cha mwisho alikuwa amempa paka.