Ndege Iliyomwacha Dada

Dada yangu alipopata kazi ya usafi katika hospitali moja Uarabuni, kwaya yetu ya Lindi, kijiji kimoja cha Kibera jijini Nairobi, ilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Kwetu Kibera mtu anayevuka bahari haendi peke yake. Anaombewa, anaimbiwa, kisha wote wanapanda ile sehemu ya juu ya kupungia mikono na kukaa hapo mpaka ndege ipotee machoni.

Mimi nilitumwa ndani kumsaidia kubeba begi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na nilikuwa na haya sana. Hata dukani nilikuwa nikionyesha kitu kwa kidole ili nisiongee.

Kwenye kaunta kijana wa kampuni alipima begi, akalifunga karatasi yenye nambari. Mwenzake akaja, wakanong'onezana. Yule kijana akachukua mkasi, akaikata ile karatasi.

"Madam, ndege imejaa. Kuja wiki ijayo."

"Lakini viza yangu inaisha Ijumaa."

"Sasa mimi nifanye nini? Anayefuata!"

Dada hakubishana. Alishika begi upande mmoja, nami upande wa pili, tukapanda kule juu. Kwaya ilikuwa imepamba moto. Ndege moja ilikuwa inapaa, wakadhani ni yake, na Mama alikuwa anapunga leso huku analia. Tulisimama nyuma yao, tukikosa pa kuanzia. Mwimbaji mmoja wa besi akageuka.

"Ai! Kwani tumepungia nani?"

"Rubani," mwenzake akamjibu.

Watu wakacheka. Kisha wakamwona dada uso, na Mama akashusha leso.

Dada hakutaka kurudi Lindi. Chumba chake kilishapata mpangaji mwingine. Sufuria, jiko, hata mto, vyote alikuwa amevigawa, na mtu atarudije kuomba mto wake? Tukaenda Kawangware kwa shangazi, aliyekuwa amepanga kwa mama mmoja mzee, mwenye ploti, zile nyumba za kupangisha. Mama huyo tulimwita shosho, yaani bibi. Alisikia dada akilia, akaja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Ulifika mapema?"

"Mapema kabisa, shosho. Na tiketi imeandikwa OK, yaani kiti ni changu."

"Wakakuacha, na wewe ukajiondokea tu?"

"Walisema imejaa."

"Wee! Sisi pia walituacha tukitoka Yerusalemu na wamama wa kanisa. Hakuna mtu aliondoka. Tulikaa chini hapo kwa kaunta na vitambaa vyetu mpaka wakatupa hoteli na ndege ingine. Kama wameuza viti zaidi ya zile wako nazo, hayo ni makosa yao, si yako. Kukufikisha ni juu yao. Hiyo ni sheria ya safari, nchi nyingi zimekubaliana." Akaweka kikombe chini. "Shida ni vile uliondoka. Wataandika hukutokea, na hiyo tiketi imekufa."

Kesho yake tulienda ofisi ya kampuni hiyo mjini. Shosho alivaa viatu vya kanisani, na dada alikuja na begi lake. Kwaya nayo ilikuja karibu yote, pamoja na Mama, ikajaza mlango. Bwana wa ofisi alikuwa mpole. Aliangalia kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Pole, mama. Hapa inaonyesha hakutokea."

"Tulimleta sisi wenyewe!" kiongozi wa kwaya akasema.

"Mlimwona kwa kaunta?"

Wote walikuwa juu, wakiimba. Mama akanigeukia, kisha akaangalia sakafu, kwa sababu alijua nilivyo na haya.

Nilisema, "Mimi nilikuwepo." Sauti ilitoka ndogo, bwana akaniomba nirudie. Nikamweleza polepole: begi lilivyopimwa, karatasi ilivyofungwa, mwenzake alivyokuja, mkasi ulivyokata. Nilisema hata kwamba kipande cha karatasi kilibaki kwenye mkono wa begi, kwa sababu alikata vibaya. Dada akaliinua begi. Kipande kilikuwa bado kinaning'inia, na nambari zake chache.

Yule bwana alikisoma, akashika simu, akaongea huku ametugeuzia mgongo. Tulingoja. Shosho alikuwa anasali bila sauti.

"Kuna nafasi Alhamisi," akasema. "Nimemwekea kiti. Mpaka siku hiyo tutamlipia hoteli na chakula."

"Hoteli ya nini na ana mama?" Mama akauliza.

"Mwache achukue!" shosho akamkemea. "Ni haki yake."

Kwaya ikaanza kupiga makofi, askari wa mlangoni akaja mbio. Dada hakupiga. Alimuuliza yule bwana kama kitanda cha hoteli kinatosha watu wawili. Alipoambiwa kinatosha, alinishika mkono, tukatoka pamoja kwenda hoteli.