Picha ya Rafiki Yake wa Ng'ambo

Kila alasiri, kabla ya kuwasha mbaula, jiko letu la makaa, nkambo wangu, mama aliyemzaa mama yangu, huimba kwa simu. Yeye hutuma sauti ya kwanza kutoka kwetu Nchelenge, na rafiki yake huitikia kwa sauti ya pili kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Waliimba kwaya moja tangu usichana, hadi vita vilipomtia nkambo kwenye mtumbwi kuja huku na rafiki akakataa kuiacha mihogo yake.

Kisha rafiki akanyamaza. Nyimbo za nkambo zilibaki na alama moja ya kijivu, ile ya ujumbe ambao haujafika.

“Simu yake imezimwa tu,” nilimwambia.

“Simu, ao mutu?”

Wavuvi wakaja na habari za risasi upande ule. Nkambo akaacha kula. Asubuhi moja, nikiwa naanika chisense, dagaa wetu, aliiweka picha ya rafiki yake kwenye kundi la simu la wanakwaya, bila neno lolote, ili yeyote aliyemwona aseme. Lakini huku kwetu picha ya mzee ikiwekwa peke yake namna hiyo, maana yake ni moja. Dagaa hawajakauka bado, sauti za pole zikaanza kuingia. Mwanamke mmoja alilia hadi ujumbe ukakatika.

Nkambo akavua ndala, akaketi chini kama mfiwa.

“Nkambo, ni weye uliweka picha. Wanalia kwa sababu yako.”

“Batu wote hawa wanalia bure?”

Majirani wakafika na beseni la unga wa mihogo, wakaketi miguu wameinyoosha. Mwanamume mmoja akauliza kutoka nje kama awashe moto wa matanga. Nilimtazama nkambo. Moto ule ukiwaka, hakuna tena atakayempigia marehemu simu.

“Ngoja,” alisema.

Akaishika simu karibu na mdomo, akaimba sauti ya kwanza, akatuma. Alama moja. Tukakaa. Unga ulianza kuingia nzi na hakuna aliyeufunika. Mikono yangu ilinuka samaki na sikuthubutu kuinuka kuinawa.

Alama ya pili ikatokea. Halafu sauti, kavu, yenye upepo:

“We muzee! Natoka kujificha porini, nachaji simu, nakuta munanililia! Na picha ile mubaya! Kama ni kunizika, tafuta ile ya kitenge kipya.”

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Unga ukasongwa ubwali, ugali wetu, tukala na majirani. Nkambo hakucheka sana. Aliurudia ujumbe ule sikioni, akanipa na mimi nisikilize.

“Hapa. Anakohoa.”

Nikaifuta picha kwenye kundi kama nkambo alivyoniomba. Ile ya kitenge kipya imo kwenye simu ya nkambo, nimeiona. Hataki mtu aiguse.